Namba Tisa kwa Mlango wa Mbele

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, mvua nzito ya kupiga mabati, lakini Redio ya Taifa ilitangaza jua kali nchi nzima, kwa sababu mawingu meusi yalikuwa yamepigwa marufuku tangu fujo zianze. Raia wema wakaanika nguo. Bi Sikudhani naye alitundika shuka moja kwenye kamba ya uani, mjumbe wa mtaa akipita aione, kisha akajitanda kanga, akatia sanda ya mwanawe na cheti chake cha utulivu ndani ya mfuko wa plastiki, akatoka kwenda chumba cha maiti.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu Mbaraka auawe, na bado hajazikwa. Bi Sikudhani alilelewa akijua kwamba maiti hawekwi: mtu akifa asubuhi, alasiri anasaliwa na kufukiwa, na jioni watu wanakula ubwabwa wa msiba. Siku kumi na tisa hakuwahi kuzisikia. Kila alipolala aliona mwanawe amesimama nje ya nyumba, anasema, “Mama, baridi.” Hakuwa na ombi jingine kwa Mungu wala kwa serikali. Alitaka kumuosha mwanawe kwa mikono yake, amvike sanda, amlaze kwenye udongo.

Nchi hiyo usiitafute kwenye ramani. Wanaishi humo watu wa aina mbili, Wang'avu na Wakolevu, yaani wale walioiva rangi, ingawa kuwataja hivyo ni kosa, kwani ibara ya kwanza ya Katiba yao inasema: Katika nchi hii hakuna rangi. Na ili kuhakikisha kwamba rangi haipo, serikali ilichapisha kadi ndogo yenye miraba kumi na miwili, kuanzia rangi ya maziwa mpaka rangi ya chungu cha siku nyingi. Ukifika kwenye ofisi yoyote, askari anakuwekea kadi hiyo kwenye mkono na kukusomea namba yako. Namba moja hadi tano hupita mlango wa mbele. Sita hadi kumi na mbili hupita wa nyuma. Jina rasmi la kadi ni Kadi ya Kuthibitisha Kwamba Hakuna Rangi. Mlango wa mbele una zulia. Mlango wa nyuma una foleni.

Mbaraka alikuwa namba tisa, na alikuwa fundi wa mafriji. Mwishoni mwa mwezi wa tano aliitwa Posta Kuu, kwa sababu friji la Mkurugenzi lilikuwa halipozi soda. Siku hiyo mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, unapakwa rangi. Mbaraka akasimama mbele na sanduku lake la vifaa, akabisha hodi mara tatu kama alivyofundishwa na mama yake, akaingia. Alipigwa risasi tatu, moja kwa kila hodi. Jioni serikali ilitoa taarifa kwa masikitiko makubwa: raia mmoja amefariki kutokana na mlango.

Kesho yake Wakolevu waliamka wakaenda kusimama kwenye milango ya mbele. Hawakuvunja kitu. Walisimama tu, posta, benki, mahakamani, wakasema, “Hodi.” Serikali ilishtuka sana, maana haikuwahi kusikia hodi nyingi namna ile kwa mpigo. Wataalamu wakasema ni maradhi ya akili yanayoenezwa na milango. Askari wakapulizia watu moshi wa kutoa machozi, ambao kwa lugha ya serikali uliitwa manukato ya utulivu, na waliokimbia walitajwa redioni kuwa wamepona. Siku ya tano ikaundwa Wizara ya Utulivu. Siku ya sita wizara ikaamuru kwamba ndugu wa marehemu hatakabidhiwa maiti yake mpaka ahitimu darasa la jioni la kutulia.

* * *

Darasa lilikuwa kwenye shule ya msingi, saa kumi na moja jioni, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili. Wanafunzi walikuwa wanane: Bi Sikudhani na watu saba waliokamatwa milangoni. Jirani yake kwenye dawati alikuwa Babu Chilumba, fundi cherehani, aliyekuwa na bandeji kutoka kwenye pua mpaka sikioni. Mwalimu wao aliitwa Madamu Senzota. Alikuwa namba tatu, mpole kabisa, na aliwaletea biskuti.

“Vuteni pumzi,” alisema. “Ikiingia, shukuruni. Ikitoka, sahauni.”

Babu Chilumba akanyoosha mkono. “Madamu, mimi pua yangu imekutana na rungu la serikali. Nishukuru kwa mdomo?”

“Kwa mdomo inaruhusiwa,” Madamu Senzota akamjibu, akaandika kwenye daftari.

Somo la pili lilikuwa kulia. Kila mmoja alipewa kikombe kidogo, kile cha kahawa, akakiweka chini ya jicho. Kikombe kimoja kilihesabiwa kuwa huzuni ya kawaida. Kikifurika, hiyo ni siasa. Bi Sikudhani alifikiri juu ya mikono ya Mbaraka, iliyonuka mafuta ya mashine hata siku ya Idi, na kikombe kikafurika kabla mwalimu hajamaliza maelezo. Akarudia somo.

Somo la nne lilikuwa dua. Waligawiwa karatasi yenye Dua ya Taifa, inayomwomba Mungu subira, afya ya mawaziri na milango imara. Bi Sikudhani aliisoma kwa shida, kidole chini ya kila neno, kisha akaigeuza nyuma, kisha akairudisha mbele.

“Madamu, samahani. Haki sijaiona.”

“Haki tumeiondoa kwa muda, mama. Inapandisha mapigo ya moyo.”

“Na Mwenyezi Mungu, ameambiwa?”

Madamu Senzota alifikiri kwa dhati. “Naamini barua imeandikwa,” alisema.

Babu Chilumba alicheka mpaka bandeji ikatoka damu, akapunguziwa alama.

Somo gumu lilikuwa la sita. Kiti kitupu kiliwekwa mbele ya darasa. Kila mwanafunzi alitakiwa kukitazama, kukifikiria kuwa ndiye aliyemkosea, na kukisamehe kwa sauti. Bi Sikudhani alipofika zamu yake alisimama mbele ya kile kiti akakitazama juu mpaka chini.

“Jina lako nani?” alikiuliza.

“Mama, kiti hakijibu,” alisema Madamu Senzota.

“Basi mtaje wewe. Nimsamehe nani? Mtu akija kuomba radhi husema mimi fulani mwana wa fulani, nimekukosea. Huyu hata jina hana.”

“Jina ni siri ya usalama.”

“Siri aijue Mungu, aijue serikali, aijue na kiti, mimi niliyezaa nisiijue?”

Alifeli. Alifeli tena kesho yake. Siku ya tatu Babu Chilumba alimvuta kanga wakiwa bado nje, akamwambia kwa sauti ya chini, “Dada yangu, kwani kiti kimekukosea nini? Kisamehe kiti. Kiti tu. Mtoto anakungoja kwenye baridi.” Bi Sikudhani akaingia, akatazama miguu minne ya mbao na msumari mmoja uliochomoza, akasema, “Nimekusamehe, kiti.” Wakampigia makofi, na siku iliyofuata akapewa cheti chenye picha ya njiwa.

Jumanne hiyo, njia nzima ya kwenda chumba cha maiti alitubu. “Mola wangu,” alisema moyoni, “nimefanya unafiki mbele ya watu. Wewe unajua yule sikumsamehe, maana simjui. Nipe mwanangu nimuoshe, halafu niadhibu unavyotaka.”

* * *

Chumba cha maiti nacho kilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Bi Sikudhani akapimwa mkono, akasomewa namba kumi, akaenda nyuma. Nandonde, mhudumu wa maiti, alimpokea kwa mikono miwili. Naye alikuwa Mkolevu, mtu wa makamo, mwenye sauti ya kunong'ona kama wote wanaokaa na waliolala.

“Pole, mama. Pole sana. Kijana wako mimi namfahamu. Friji hili alilitengeneza yeye, mwezi wa nne. Kabla yake lilikuwa linalegea, tunafukuza inzi kwa kofia. Tangu alipolishika, mama, ni barafu tupu. Fundi wa kweli yule.”

Bi Sikudhani alitoa sanda mfukoni. Alishika ukingo wa meza.

“Bado kipimo tu,” Nandonde akasema. “Utaratibu wetu, maiti hupimwa akiingia na akitoka, tujue kama ndiye. Alipoingia alikuwa tisa.”

Akavuta droo. Mbaraka alikuwa amefunikwa na barafu nyembamba, kutoka kwenye nywele mpaka kwenye vidole, nyeupe na laini kama unga wa muhogo. Nandonde, mtumishi mwaminifu ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuruka hatua, akaweka kadi juu ya mkono wa marehemu, akainama, akatazama, akafuta miwani, akatazama tena. Akaandika kwenye kompyuta kile alichokiona: nne.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana sheria ilisema kipimo cha mwisho ndicho halali, na kompyuta ile ilikuwa imeunganishwa na kila ofisi ya nchi.

Kabla Bi Sikudhani hajakunjua sanda, bendera ya jengo ilishushwa nusu mlingoti. Redio iliyokuwa dirishani ilikatiza taarab, ikapiga muziki wa maombolezo, na mtangazaji akasema kwa kwikwi kwamba taifa limempoteza Mbaraka, kijana mng'avu, tegemeo la kizazi kipya. Chama cha Akina Mama wa Mlango wa Mbele kilituma shada la maua lenye waridi themanini. Na mahakamani, karani fulani mwenye bidii alifungua kabati, akatoa Amri ya Arobaini, inayosema kwamba mtu wa namba moja hadi tano akiuawa na chombo cha dola, uchunguzi utafanyika ndani ya siku saba na muuaji atatajwa jina hadharani. Kwa namba sita kuendelea amri haisemi kitu. Si kwa ubaya. Karatasi iliisha.

Nandonde alisoma ujumbe kwenye kompyuta mara mbili. Kisha akageuka.

“Mama,” alinong'ona, “watamtaja. Ndani ya wiki moja watamtaja aliyempiga. Mimi nimefanya kazi hapa miaka kumi na minane, sijawahi kuona. Wewe nyamaza tu. Usimguse. Mrudishe kwenye friji, nyamaza.”

“Na kuzika?”

“Maiti ya uchunguzi ni kielelezo cha kesi. Ata... atakaa, mama. Mwaka. Labda miwili. Halafu watamzika wao, kwenye makaburi ya mbele.”

Nandonde akaisukuma droo ndani, naye Bi Sikudhani akakaa kwenye benchi na sanda mapajani.

* * *

Baada ya nusu saa aliingia Mheshimiwa Kirumbi, Naibu Waziri Msaidizi wa Utulivu. Alikuwa amelowa chapachapa, na amevaa miwani ya jua.

“Joto la leo!” alisema, maji yakimtiririka kwenye tai. “Mama yetu mpendwa. Kwa niaba ya serikali sikivu, inayosikia hata yasiyosemwa na hasa hayo, napenda kutamka kwamba msiba wako ni msiba wetu, isipokuwa umezidi kidogo. Imetokea hitilafu ya kibarafu. Taifa zima linalia kwa makosa. Wang'avu wameanza kusimama milangoni mwao wenyewe wakidai haki ya marehemu. Umeona wapi mtu akabisha hodi kwake?”

“Sijaona, Mheshimiwa.”

“Sasa, kanuni ni nyepesi. Namba ya maiti husahihishwa na mama mzazi, kwa sauti, mbele ya mashahidi saba wenye cheti cha utulivu. Useme: naapa kwamba huyu ni mwanangu na ni namba tisa. Maneno hayo tu. Sekunde hiyo hiyo uchunguzi unafutika, bendera inapanda, nawe unamchukua kijana wako. Nimekuandalia gari. Kwa mlango wa nyuma, ndiyo, lakini gari zuri.”

Mashahidi saba watulivu hawakuwa wa kutafutwa mbali. Nchi nzima ilikuwa na wahitimu wanane tu wa darasa lile, na wa nane ni yeye. Wakaletwa wenzake kwa karandinga la polisi, Babu Chilumba mbele yao, wakapangwa mstari kando ya droo, nayo ikavutwa tena.

“Dada yangu,” Babu Chilumba akasema bila hata kunong'ona, “usiseme tisa.”

“Shahidi atulie,” akasema Mheshimiwa Kirumbi.

“Nimetulia, nina cheti. Dada, nisikilize. Miaka yote sheria yao inatung'ata sisi. Leo imewageukia kwa bahati mbaya. Iache iwang'ate! Sema nne. Neno moja. Unadhani Mbaraka atakasirika?”

“Ni uongo, Babu.”

“Kiti ulikisamehe, huo ulikuwa ukweli?”

Wengine wakaguna. Mama mmoja mwishoni mwa mstari alianza kulia, akatafuta kikombe kwa mazoea, hakukipata, akaacha machozi yaende yanakotaka.

Bi Sikudhani aliinuka. Akasimama juu ya mwanawe, akafumba macho, na kwa muda mrefu kilichosikika ni mvua iliyokuwa hainyeshi. Alikuwa anaomba, lakini hata maneno ya kuomba yalikuwa yamemkimbia. Akisema nne, jina litapatikana, na mwanawe atabaki kwenye baridi miaka miwili, akiita mama kila usiku, kisha azikwe na watu wasiomjua. Na hilo jina litakuwa jina la nani? Watamtafuta aliyemuua kijana mng'avu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mbaraka wake, yule mweusi aliyebisha hodi mara tatu, atabaki hakuuawa na mtu. Akisema tisa, atamuosha leo. Atamlaza leo. Na kesho hakuna atakayeulizwa kitu mpaka Kiyama. “Mola wangu,” alisema mwishowe, “mlango wa tatu uko wapi?”

Jibu hakulisikia. Alichosikia ni mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umeshuka bila yeye kuutuma, ukakaa kwenye paji la uso la mwanawe, kama alivyokuwa akimshika zamani akiwa na homa.

“Mama, usimguse!” Nandonde akapiga kelele.

Barafu ilikuwa inayeyuka chini ya kiganja. Akateremsha mkono kwenye jicho, kwenye shavu, kwenye kidevu chenye ndevu chache ambazo Mbaraka alikuwa akizionea fahari. Kila alipopita, ule weupe ulitoka kama vumbi la safari, na chini yake ikatokea rangi iliyoiva, ya babu yake mzaa mama, rangi ambayo Bi Sikudhani aliipaka mafuta ya nazi tangu siku ya kwanza. Akamfuta masikio. Akafuta mkono wa kulia, kidole kimoja kimoja, mpaka ukaonekana weusi wa mafuta ya mashine uliobaki kwenye kucha. Alikuwa anamuosha. Hakuna aliyemzuia. Mheshimiwa Kirumbi alivua miwani ya jua, labda kwa sababu ilikuwa na ukungu.

Nandonde akaweka kadi. Hakuhitaji kufuta miwani.

“Tisa,” alisema.

“Safi kabisa!” Mheshimiwa Kirumbi akashusha pumzi. “Sasa mama, kwa sauti, kwa ajili ya kumbukumbu. Kisha gari liko nyuma.”

Bi Sikudhani alimpa Babu Chilumba ncha moja ya sanda, na ile nyingine akampa yule mama anayelia. Wakamfunika. Wanaume wanne wakasogea bila kuitwa, wakamlaza kwenye jeneza la chuma lililokuwa kando ya ukuta, wakalishika kwenye pembe zake, wakaliinua, na wote wakageuza nyuso zao kumtazama yeye, waelekee upande gani.

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye zulia.

“Huko kuna askari, mama,” alisema Mheshimiwa Kirumbi, na kwa mara ya kwanza hakuongea kama redio. “Wana risasi. Wana amri. Nakusihi.”

“Najua wana nini. Nimekiona kifuani kwa mwanangu.” Akashika ukingo wa jeneza. “Kalamu yako iko tayari?”

Kalamu ilikuwa tayari. Mvua ikapiga mabati, na Bi Sikudhani akapandisha sauti ili mashahidi wote saba wamsikie, na walioko nje ya mlango wasikie pia:

“Mimi Sikudhani binti Mzuzuri, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya hawa saba, naapa kwamba huyu ni mwanangu Mbaraka, na ni namba tisa, hakuwahi kuwa nyingine. Naahidi kwamba namtoa kwa mlango wa mbele, na nikifika hai kaburini namzika leo. Na naahidi kwamba nikishamfukia narudi kwenye mlango wako wa mbele, Mheshimiwa, kesho na kila siku ya Mungu, nabisha hodi mara tatu na kuuliza jina la mtu aliyemuua. Na nikianguka mlangoni, hawa saba wameshasikia ninachouliza.”